Sasisho la 22H2 la Windows 11 na kunakili mafaili makubwa: nirudi toleo la zamani kabla siku kumi hazijaisha?

Mama Studio, Katuba
12 Novemba 2022

Salamu kwenu nyote, wakubwa na wadogo. Ninaendesha studio ndogo ya picha na video hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, pamoja na mdogo wangu, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni harusi. Tuna kompyuta mbili za mezani. Ya kwanza tumezoea kuiita ghala, kwa sababu ndiyo inayotunza video zote jinsi zilivyotoka kwenye kamera. Ya pili ndiyo tunayoitumia kuhariri. Zimeunganishwa kwa waya kupitia swichi ndogo ya mtandao iliyo chini ya meza, na kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, tunavuta kutoka ghala video ya harusi moja na kuiweka kwenye diski ya kompyuta ya kuhariri. Faili moja huwa na GB 20 hadi 30.

Tarehe 4 mwezi huu mdogo wangu aliweka toleo la 22H2 la Windows 11 kwenye kompyuta ya kuhariri. Ghala bado lina toleo lililotangulia. Kwa kuwa studio haina intaneti ya kudumu, tulinunua mega za intaneti ya simu, tukaihamishia kompyuta chumba cha mbele ambako simu inashika mtandao vizuri, tukaiacha ikipakua usiku kucha maana umeme ulikuwepo, na asubuhi tukairudisha mahali pake. Siku hiyo hiyo taabu ikaanza. Faili la GB 24 ambalo wiki iliyotangulia nililinakili kwa muda usiofika dakika 4, safari hii lilichukua dakika 37, nami nilikuwa nimeketi mbele yake nikiitazama saa. Kidirisha cha kunakili kilionyesha MB 11 kwa sekunde tangu mwanzo hadi mwisho, na ule mchoro wa kijani ambao kwa kawaida hupanda na kushuka ulikuwa umelala sawasawa kama maji ndani ya ndoo.

Nimesoma kwamba Microsoft yenyewe imekiri kuwa toleo la 22H2 lina hitilafu katika kunakili mafaili makubwa, kwa hiyo nikaona nimekwisha kumjua mwizi. Hata hivyo, ninaomba msaada wenu kwa mambo mawili. La kwanza ni hili: leo ni siku ya nane tangu tusasishe, na nimeelewa kwamba Windows huruhusu kurudi toleo la zamani kwa siku 10 tu, kisha kitufe hicho hutoweka. Nirudi nyuma sasa, au nisubiri tiba? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Je, hitilafu hii inapunguza mwendo tu, au inaweza pia kuharibu kilichomo ndani ya faili bila sisi kujua? Bibi harusi hawezi kuingia kanisani mara ya pili ili mimi nipige upya.


Karani wa Kampemba
12 Novemba 2022

Mama, ushauri wangu ni mfupi: rudi nyuma leo hii, usingoje kesho. Mimi hutunza hesabu za mishahara ya ofisi, na tangu mwaka 2018 sina haraka na sasisho lolote kubwa.

Mtakumbuka kilichotokea mwaka huo. Toleo la 1809 la Windows 10 lilitolewa tarehe 2 Oktoba 2018, na kufikia tarehe 6 Oktoba Microsoft ilikuwa imelisimamisha, kwa sababu kulikuwa na watu ambao folda zao za nyaraka na picha zilifutwa wakati wa kusasisha. Lilirudishwa tarehe 13 Novemba. Hilo la kufuta lilisemwa sana, lakini lilikuwepo jingine dogo ambalo kwangu mimi lilitisha zaidi, na lilihusu kunakili. Ukifungua faili la ZIP, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja, na kuburuta kilichomo hadi kwenye folda ambayo tayari ina faili lenye jina hilo hilo, lile swali la kawaida, kama unataka faili jipya lichukue nafasi ya la zamani, halikutokea. Ungeona kazi imeendelea na kumalizika salama, kumbe hakuna kilichonakiliwa: faili la zamani lilibaki palepale na jina lake lile lile. Fikirini mtu aliyepokea orodha mpya ya mishahara ndani ya ZIP, akaiburuta juu ya orodha ya mwezi uliopita, kisha akaifuta ile ZIP kwa sababu ameona kazi imekwisha. Angelipa kwa orodha ya zamani akiamini kwamba ni mpya.

Ndiyo maana nasema: penye shaka, rudi.


Fundi wa Kamalondo
12 Novemba 2022

Namheshimu Papa Karani, na aliyoyasema kuhusu mwaka 2018 ni kweli. Lakini naomba Mama asikiguse kwanza kitufe cha kurudi, kwa kuwa hesabu inanikataza.

Hitilafu ya 22H2 ipo. Aliyeieleza hadharani mwezi uliopita ni Ned Pyle, wa kundi la Microsoft linaloshughulika na Windows Server, naye aliiwekea mipaka iliyo wazi. Inaonekana unapovuta faili kubwa, la GB kadhaa, kutoka kompyuta nyingine kwa njia ya SMB, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya Windows ya kushirikiana folda, na kompyuta inayovuta ndiyo yenye 22H2. Mwendo unaweza kupungua kwa hadi asilimia 40. Ukilipeleka faili hilo hilo kwenye kompyuta isiyo na 22H2, upungufu huo hauonekani. Aliongeza kwamba hata kunakili kutoka diski moja kwenda nyingine ndani ya kompyuta ile ile kunaweza kuathirika, maana tatizo haliko katika SMB peke yake.

Sasa tazama namba zako, Mama. GB 24 kwa muda usiofika dakika 4 ni kama MB 112 kwa sekunde, na hiyo ndiyo kasi halisi ya waya wa gigabiti 1 unaofanya kazi vizuri: megabiti 1000 ukizigawa kwa 8 unapata MB 125, ukitoa gharama za usafirishaji zinabaki 110 na kidogo. Toa asilimia 40, unabaki na MB 67 hivi, yaani dakika 6 kwa faili lako. Ungesema dakika 6, au hata 7, nami ningekubaliana na Papa Karani papo hapo. Wewe umesema 37. Kasi yako imeshuka kwa asilimia 90, imebaki sehemu moja ya kumi, na MB 11 kwa sekunde ni namba ambayo kila fundi wa mitandao huitambua kama anavyoitambua sauti ya mlango wake: ni waya wa megabiti 100. Hata mchoro wako uliolala unasema hivyo hivyo. Diski inapochelewa, au mfumo unaposuasua, mchoro huyumba. Unapolala kama maji ya ndoo, maana yake kuna mlango mwembamba mahali fulani ambao data inaujaza muda wote.

Sisemi kwamba sasisho halihusiki kabisa. Linaweza kubadilisha kiendeshi cha kadi ya mtandao, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, na kiendeshi kipya kikaanza kukubaliana na swichi kwa kasi ndogo. Ninachosema ni kwamba hiyo si hitilafu uliyoisoma, na kama ni waya, basi ukirudi toleo la zamani utatumia nusu siku, kompyuta itakuwa salama kama ilivyokuwa, na dakika zako zitabaki 37.

Kwanza jiondolee presha ya siku mbili zilizobaki. Fungua dirisha la amri kama msimamizi kwenye kompyuta iliyosasishwa, uandike:

dism /online /set-osuninstallwindow /value:30

Amri hiyo huongeza muda wa kurudi hadi siku 30. Mwisho unaoruhusiwa ni 60. Inafanya kazi ikiwa tu siku 10 za kwanza hazijapita, na ikiwa folda ya Windows.old, inayotunza toleo la zamani, bado ipo, kwa hiyo usiifute kwa nia ya kupata nafasi.

Kisha fungua mipangilio ya mtandao, upande wa Ethernet, usome kasi ya kiungo. Ikiwa imeandikwa 1000/1000, nimekosea na nitaomba radhi hapa hapa. Ikiwa ni 100/100, badilisha waya kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

Halafu pima pande zote mbili. Vuta faili moja kutoka ghala kuja kwenye kuhariri, kisha peleka faili jingine la ukubwa huo kutoka kwenye kuhariri kwenda ghala. Kama kuvuta peke yake ndiko kunakochelewa, mtuhumiwa wa kwanza ni 22H2. Kama pande zote mbili zinachelewa sawasawa, ni njia yenyewe. Tumia faili linalozidi RAM ya ghala, yaani kumbukumbu yake ya muda, vinginevyo mara ya pili ghala litakutolea lile ambalo bado linalikumbuka, nawe utadhani mambo yamepona.

Mwisho, jaribu kunakili kwa amri iliyopendekezwa na Pyle mwenyewe:

robocopy \\GHALA\Video D:\Jaribio harusi24.mp4 /J

Kwa kawaida Windows, inaponakili, hupitisha data katika sehemu ya RAM iliyotengwa kutunza kile ambacho huenda kikahitajika tena. Kwa nyaraka ndogo hilo ni jambo jema. Kwa video ya GB 24 ambayo haitasomwa tena leo, ni sawa na kumwaga gunia zima la unga kwenye bakuli kabla ya kulijaza kwenye gunia jingine. Herufi J huiambia robocopy isipitie kwenye bakuli. Folda ya Jaribio iwe tupu, kwa sababu robocopy huliruka faili ambalo inaliona tayari lipo bila mabadiliko, na ukiona imemaliza kwa sekunde moja utafurahi bure. Mwishoni itakuandikia kasi. Nakili namba hizo utuletee.


Mama Studio, Katuba
13 Novemba 2022

Fundi, nakushukuru kwa moyo wote, nawe Papa Karani pia. Nimefanya kila kitu kwa utaratibu ulioandikwa.

Amri ya kuongeza siku imekubaliwa. Kasi ya kiungo imeandikwa 100/100. Kuvuta kutoka ghala: dakika 36 na sekunde 50. Kupeleka ghala: dakika 36 na sekunde 40. Kwa robocopy na herufi J: dakika 36 na nusu. Pande zote mbili ni ndugu mapacha.

Nikaingia chini ya meza na tochi ya simu. Waya unaotoka kwenye kompyuta ya kuhariri ulikuwa umechomekwa, taa ilikuwa inawaka, na ndiyo maana hakuna aliyeushuku. Lakini nilipouvuta ulitoka bila kuzuia, kwa sababu ule ulimi mdogo wa plastiki unaoshika ulikuwa umevunjika. Nikakigeuza kichwa chake kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mna nyaya nane za rangi; saba zimefika hadi kwenye meno ya shaba, na ule wa kahawia umerudi nyuma kama milimita 3, ncha yake iking'aa peke yake bila kugusa chochote. Nikamwuliza mdogo wangu jinsi alivyoutoa usiku ule tulipoihamisha kompyuta. Akasema kweli: ulikuwa umekwama nyuma ya mguu wa meza, naye akauvuta.

Kwa hiyo sasisho lilikuwepo siku ile ile, na waya ulikatika siku ile ile, kwa sababu ya sasisho hilo hilo, lakini si ndani ya kompyuta. Kesho nitanunua waya mpya mjini na nitapima tena. Nimebaki na swali langu la pili, ambalo halijajibiwa.


Fundi wa Kamalondo
13 Novemba 2022

Asante kwa maelezo hayo ya ule wa kahawia, kwa kuwa yanafunga kesi. Waya wa gigabiti hutumia nyaya zote nane, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, nyaya za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Jozi ya kahawia iko nafasi ya 7 na 8, kwa hiyo ilipokatika, kadi yako na swichi zilitafuta lugha nyingine ya kuelewana, zikakubaliana megabiti 100, na taa ikaendelea kuwaka. Hakuna ujumbe wa kosa unaotolewa, kwa sababu kwa upande wa vifaa hakuna kosa.

Swali la pili namwachia Mwalimu wa Ruashi, ambaye najua analo la kusema.


Mwalimu wa Ruashi
13 Novemba 2022

Mama, kuhusu hitilafu ya 22H2 iliyotajwa hapa, kilichoelezwa ni mwendo. Haikuelezwa kuwa inaharibu data. Lakini naomba usitulie kwa jibu hilo peke yake, kwa sababu hofu yako ni ya haki, na dawa yake haitegemei ni toleo gani unalotumia.

Nitaeleza lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na alama za wanafunzi wa madarasa matatu katika kompyuta ya kazini, nikataka kuzichukua nyumbani kwenye flashi. Sikunakili, nilikata na kubandika, kwa kuwa nilitaka mashine ibaki safi. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi, mafaili mengine yalikuwa kwenye kompyuta, mengine kwenye flashi, na mawili ya darasa la tano yalionekana kwenye flashi yakiwa na majina yao lakini hayakufunguka. Niliwaomba wanafunzi waniletee madaftari yao ya mitihani, nikakesha siku mbili nikijumlisha upya. Tangu siku ile neno kata silitumii kwa kitu ninachokipenda.

Wala si Windows peke yake. Mwezi Oktoba 2007 Apple ilitoa Mac OS X 10.5, na watumiaji wakagundua kwamba ukihamisha folda kwenda diski nyingine au kompyuta nyingine ya mtandaoni, na muunganisho ukakatika katikati, chanzo kilifutwa ingawa nakala haikukamilika. Ilisahihishwa katika 10.5.1 mwezi uliofuata. Aliyenakili kwanza, kisha akafuta kwa mkono wake mwenyewe baada ya kuhakiki, hakupoteza kitu hata katika toleo lile bovu.

Kuhakiki kwenyewe ni hivi. Ukubwa wa faili kuwa sawa hautoshi, kwa sababu faili linaweza kuwa na urefu kamili na katikati yake pakawa na sifuri tupu. Linganisha alama ya SHA-256, ambayo hukokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Kwenye ghala andika:

certutil -hashfile D:\Video\harusi24.mp4 SHA256

Kwenye kompyuta ya kuhariri andika amri hiyo hiyo, ila utaje mahali nakala ilipo. Kila upande utakupa mstari wa herufi na tarakimu 64. Baiti moja ikibadilika, mstari wote hubadilika, kwa hiyo huhitaji kusoma zote 64. Soma sita za mwanzo na sita za mwisho, utakuwa umeona. Ni muhimu kila amri iendeshwe kwenye kompyuta inayotunza faili lake. Ukikaa kwenye kuhariri na kuiagiza isome faili la ghala kupitia mtandao, utazivuta GB 24 mara ya pili, na ikiwa mtandao ndio unaoharibu, utakuwa umemwomba mshtakiwa awe shahidi.

Kazi hii huchukua dakika chache kwa faili la ukubwa wako. Fanyeni wakati mnakunywa chai. Usifute kadi ya kamera kabla mistari miwili haijalingana, na usifute hata ikilingana mpaka iwepo nakala ya tatu kwenye diski ya nje ambayo hailali katika studio. Mimi hapo sibadiliki: nakala mbili ndani ya chumba kimoja, moto ukiingia, ni nakala moja.


Karani wa Kampemba
13 Novemba 2022

Nakubali hesabu ya Fundi. Niliona neno 22H2 na neno kunakili katika sentensi moja, nikahukumu. Ila naomba jambo moja lisipotee: Mama alifanya vizuri sana kusasisha kompyuta moja na kuiacha ghala kwenye toleo la awali, hata kama haikuwa kwa makusudi. Laiti zote mbili zingesasishwa usiku ule, asingekuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Mama, liache ghala lilivyo kwa sasa.


Mama Studio, Katuba
15 Novemba 2022

Waya mpya upo mahali pake, wa mita 5, na nimeupitisha ukutani mbali na mguu wa meza. Kasi ya kiungo: 1000/1000. Faili lile lile la GB 24, kwa kuburuta kwa kipanya: dakika 3 na sekunde 46. Kwa robocopy na herufi J, kwenye folda tupu: dakika 3 na sekunde 38.

Alama za SHA-256 nimezilinganisha kwa harusi zote nne tulizozinakili tangu tarehe 5, zile zilizopita kwenye waya uliokatika. Zote zimelingana. Mdogo wangu alinisomea kutoka ghala kwa sauti na mimi nikawa natia alama kwenye karatasi, herufi zote 64, kwa sababu sikuweza kujizuia.

Fundi, hizo sekunde 8 za tofauti, je, ndiyo hitilafu ya Pyle?


Fundi wa Kamalondo
15 Novemba 2022

Sekunde 8 katika dakika 4 ni asilimia 3 au 4, nami sithubutu kuzipa jina. Ukirudia mara tano utaona zinapanda na kushuka. Nionavyo mimi, katika studio yako kikomo ni waya wenyewe: diski na mfumo vinaweza kutoa zaidi ya MB 112, lakini njia hairuhusu, kwa hiyo hata mfumo ukipoteza nguvu kidogo hutaihisi. Aliye na mtandao wa gigabiti 10 na diski za kasi ndiye anayeliona pengo wazi. Endelea na robocopy kwa mafaili makubwa, haina hasara. Kwa folda ya picha elfu moja ndogo ndogo, acha herufi J; hapo lile bakuli la RAM linasaidia.


Fundi wa Kamalondo
16 Machi 2023

Narudi hapa kwa ajili ya wale watakaofika wakitafuta jambo hili. Hitilafu ya 22H2 ya kunakili mafaili makubwa imeondolewa katika sasisho la hiari la tarehe 28 Februari 2023, lenye namba KB5022913, na kwa kuwa masasisho haya hubeba yaliyotangulia, la tarehe 14 Machi linayo tiba hiyo ndani yake. Aliyekuwa anatumia /J kwa ajili hiyo tu anaweza kurudi kwenye kipanya.

Mama, ghala bado liko toleo la zamani?


Mama Studio, Katuba
19 Machi 2023

Tulilisasisha jana, Fundi, baada ya kunakili harusi zote za mwaka huu kwenye diski ya nje na kuzihakiki. Diski hiyo inalala kwa shangazi yetu, katika mtaa wa Kenya wa hapa hapa Lubumbashi. Safari hii kompyuta haikuhama: tuliinunulia simu mega na kuileta simu karibu na meza.

GB 24, kwa kipanya, kutoka ghala lililosasishwa: dakika 3 na sekunde 41. Alama zimelingana.